Mstari Mmoja

Chatham, Ontario. Mwezi wa kumi, mvua ya siku tisa.
Malori yamepanga foleni hadi kwenye reli
na mimi juu ya jukwaa, koti la mpira, glavu,
nachoma mahindi, lakini si kwa makaa:
kwa bomba refu la chuma,
kama nesi atafutaye mshipa.

Mzee Vandersluis anashuka, kofia mkononi.
Gunzi lake nimelishika: ncha ina rangi ya waridi,
nzuri, kama kucha za bibi harusi.
"Ni kidogo tu," anasema. "Nguruwe hawasomi vitabu."
Kweli hawasomi.
Wanatia pua kwenye kihori, wananusa, wanaondoka.
Sisi ndio tunaomaliza sahani kwa adabu.

Nasaga, nachuja, natumbukiza kijiti cha karatasi.
Dakika tano.
Mistari miwili, pita.
Mstari mmoja, geuza lori.

Katika dakika hizo huwa nautazama utumbo
kama wengine watazamavyo dirisha.
Ukuta ule, ndugu yangu, ni wa tofali moja.
Unene wa seli moja, basi.
Upande huu ugali na kabila zima la vijidudu,
upande ule damu.
Juu yake ute, na katika ute walinzi
wajuao nani mgeni, nani mwizi.
Kila siku chache ukuta huo hubomolewa, hujengwa upya;
mafundi wake hawajui Jumapili.

Sumukuvu haivunji mlango.
Inaingia na tonge, imeshachemshwa, imeshapoa,
moto haukuifanya kitu.
Inawakuta mafundi, inawanyang'anya udongo.
Inalegeza chokaa kati ya seli na seli.
Walinzi inawavuruga:
hawa wanapiga mayowe usiku kucha kwa sababu ya kivuli,
wale wanasinzia mwizi akiwaruka miguu.
Na nyumbani hakuna anayejua.
Ni mtoto tu asiyenenepa,
anaharisha, anapona, anaharisha,
na watu wanasema ni meno.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa.
Hatukuambiwa tufanyeje
ufa ukiwa ndani ya mtu
na anayeuchimba ni chakula.

Lori la Vandersluis nikaligeuza.
Hakunitukana. Alisema tu
mkopo wa trekta haujawahi kuota kuvu.

Usiku, wenzangu wameondoka,
nikatoa kopo la kahawa kwenye begi.
Ndani yake unga wa Kondoa,
aliouleta Zulfa, umefungwa mara tatu kwenye kanga
kati ya viatu vyake vya harusi.
Mama aliuchagua punje kwa punje, kwa macho yale yale
yasiyoona tena tundu la sindano.
Nikafungua. Moshi wa jikoni, ghala, kiganja chake.
Nusura nile mbichi.

Nikachukua boksi la pili, la kuvu ya kijani,
ile ipendayo joto la kwetu.
Nikapima kama unga wa mtu yeyote.
Dakika tano. Nikahesabu magurudumu ya treni ya mizigo.
Nikawasha taa ya pili, nikageuza kijiti,
nikakiinamisha huku, nikakiinamisha kule.

Mmoja.

Saa nne usiku simu ikaita; kwake alfajiri.
"Umeshausonga? Umeuonaje?"
"Bado, mama. Maji ndiyo kwanza yanachemka."
Uongo mweupe kama unga wenyewe.
Akacheka, akasema mwaka huu mahindi yamenyeshewa
lakini Mungu hamtupi mja wake.
Nyuma yake nikasikia mwiko ukigonga sufuria,
na Nasoro, mjukuu, miaka mitatu, kilo tisa,
akiulizia uji.

"Mama," nikasema.
"Epua kwanza."